Treni yetu na neno “mwendokasi”: jibu kwa mwanafunzi wa Dodoma

Swali: “Shikamoo mzee. Nasoma mwaka wa pili chuo hapa Dodoma, na likizo narudi nyumbani Dar kwa treni ya umeme. Kwenye taarifa za habari na mitandaoni naambiwa treni yetu ni ya mwendokasi kama za Japani na China. Mjomba wangu amefanya biashara China miaka mingi, akisikia hivyo anacheka, anasema kule hiyo ni treni ya mizigo. Nani mkweli? Na kwa nini habari za treni kwetu huwa ama sifa tupu ama balaa?”

Marahaba mwanangu, na mbukwa.

Kwenye namba, mjomba wako yuko karibu na ukweli kuliko taarifa za habari. Ila kwenye treni ya mizigo amepitiliza.

Shirikisho la kimataifa la reli, linalojulikana kwa herufi UIC, huita reli ya kasi kubwa ile njia mpya iliyojengwa kwa treni za kilometa 250 kwa saa au zaidi. Njia ya zamani iliyoboreshwa inaingia ikifika 200. Reli yetu ya kisasa imejengwa kwa 160 kwa treni za abiria na 120 kwa mizigo, kwa hiyo haimo. Wajapani walifungua njia yao ya kwanza ya Shinkansen, Tokyo hadi Osaka, tarehe 1 Oktoba 1964, na siku hiyo hiyo ya kwanza kasi ya juu ilikuwa 210. Wafaransa wakafuata mwaka 1981 kati ya Paris na Lyon. Hapa Afrika, Morocco ndiyo walioingia: tangu Novemba 2018 treni yao inakimbia 320 kati ya Tangier na Kenitra. Mjomba huenda amepanda ile ya Beijing hadi Shanghai, kilometa 1,300 hivi. Huo ni urefu unaokaribiana na wa reli yetu ya zamani kutoka Dar hadi Kigoma, na zile za haraka zinaumaliza kwa saa nne na nusu au chini yake. Aliyezoea kiti kile lazima acheke.

Lakini China hiyo hiyo ina treni nyingi za abiria zinazotembea 160, na nyingine 120, na mamilioni ya watu wanazipanda kwenda kwao sikukuu. Treni ya mizigo ya kawaida kule haifiki kasi hiyo. Kwa majirani, ile ya Mombasa hadi Nairobi iliyoanza 2017 ni ya dizeli na kasi yake ya juu ni 120. Gautrain ya Afrika Kusini ni 160, sawa na yetu. Treni unayopanda, basi, ni treni nzuri ya umeme ya kasi ya wastani, na sioni aibu yoyote kuiita hivyo.

Sasa hilo neno. Kabla ya treni, mwendokasi lilikuwa jina la mabasi ya Dar, yale yaliyoanza kutembea kwenye njia yao mwaka 2016. Basi lile halikimbii. Kinacholifanya liitwe hivyo ni kwamba linapita wakati daladala zimekwama. Kwa hiyo kwa Mtanzania wa kawaida mwendokasi maana yake ni chombo kisichokwama. Treni ya umeme ilipokuja, waandishi wakalichukua neno lililokuwa tayari mdomoni mwa watu, na kwa maana hiyo hawakukosea, maana Dar hadi Dodoma kwa basi ni kutwa nzima. Tatizo ni pale neno hilo hilo linapotafsiriwa kimoyomoyo kuwa kile cha Japani. Mwandishi amesema “haraka kuliko basi”, msomaji amesikia “haraka kama Shinkansen”, na mtangazaji wa tatu anaweka picha ya pua ndefu kuthibitisha.

Hiyo pua nayo ina kisa chake. Treni ya mchongoko, ile ya mabehewa manane iliyotengenezwa Korea Kusini na Hyundai Rotem, ilipoanza safari Novemba 2024, watu wengi niliokutana nao waliamini inakwenda kasi zaidi ya ile yenye kichwa cha kawaida. Kasi ya juu ya zote mbili ni ile ile, 160. Tofauti ni kwamba mchongoko hauna kichwa kinachovuta. Mota zake zimegawanywa chini ya mabehewa, kwa hiyo inachomoka upesi ikitoka stesheni, na ikipangiwa vituo vichache inafika mapema. Umbo la pua lina faida, ila faida hiyo huonekana hasa kasi ikivuka 200, na zaidi ndani ya mahandaki. Wajapani walipotaka treni zao zipite mahandaki bila mlio wa kishindo upande wa pili, mhandisi wao Eiji Nakatsu alijifunza kwa mdiria, yule ndege anayejitupa majini kukamata samaki bila kurusha maji mengi. Treni iliyotokana na kazi hiyo, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1997, ilikuwa na pua ya mita 15. Pale pua ilifuata hesabu. Kwetu picha ya pua imekuwa ndiyo habari yenyewe.

Utaniuliza, kwa nini basi wasingetujengea ya 300 moja kwa moja? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijawahi kusikia taarifa ya habari ikilieleza, na ndiko kazi kubwa ilikofanyika.

Kasi ikizidishwa mara mbili, upinzani wa hewa unazidi mara nne, na nguvu ya mota inayohitajika kuushinda inazidi mara nane. Treni ya 160 ikifunga breki inahitaji kilometa moja na ushee kusimama. Ya 300 inahitaji zaidi ya tatu. Kona nayo inadai eneo: Wafaransa kwenye njia zao hawataki kona yenye nusu kipenyo chini ya mita 4,000, na njia mpya za 350 zinakwenda hadi mita 7,000. Chukua ramani uitazame njia kati ya Kilosa na Gulwe. Wajerumani, walioanza kujenga reli ya kati kutoka Dar mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, walipita kwenye bonde la mto kwa sababu lilikuwa njia rahisi ya kupanda nyanda za juu. Mto huo ndio uliowatesa mafundi wa reli kwa zaidi ya miaka mia moja. Mvua zikizidi, maji yanabeba tuta, kokoto zinakwenda, na reli inabaki inaning'inia na mataruma yake kama ngazi iliyolazwa hewani. Nimesimama chini ya reli ya namna hiyo, nikaishika kwa mkono, tope likiwa bado linachuruzika. Asiyeona hawezi kujua ni kwa nini njia mpya ikapandishwa milimani na kutobolewa mahandaki. Kunyoosha kona za huko hadi zifae kwa 300 kungehitaji mahandaki na madaraja mengi kuliko yaliyopo, kwa gharama ambayo tiketi ya Sh31,000 iliyoanza nayo safari ya Dar hadi Dodoma isingeweza hata kuisogelea.

Halafu kuna uzito. Reli za kasi kubwa hujengwa kwa treni nyepesi za abiria, na Wafaransa huweka ukomo wa tani 17 kwa ekseli, yaani kwa kila mhimili wa magurudumu mawili. Yetu imejengwa ibebe tani 35 kwa ekseli, kwa sababu shabaha yake kubwa ni mizigo ya bandari ya Dar kwenda Mwanza, Kigoma na nchi jirani. Kona ikiinamishwa, yaani reli ya nje ikiinuliwa juu ya ile ya ndani, kwa ajili ya treni ya 300, treni nzito ya mizigo ikipita polepole hapo itaegemea reli ya ndani na kuila. Ukiinamisha kidogo kwa ajili ya mizigo, treni ya abiria lazima ipunguze mwendo. Lazima uchague, na nchi hii ilichagua njia moja itakayobeba vyote viwili. Mimi naona ilichagua sawa, ingawa nawaheshimu wenzangu wanaoona vinginevyo.

Na hesabu ya muda inaniunga mkono. Dar hadi Dodoma ni kilometa 450 na zaidi kidogo, na treni ya haraka inatumia saa tatu na nusu hivi, yaani wastani wa kilometa 130 kwa saa pamoja na vituo. Njia ya 300 ingeweza kushusha safari hadi saa mbili. Umeokoa saa moja na nusu. Sasa jumlisha muda unaotumia kutoka kwenu hadi stesheni ya Dar, muda wa kuwahi ukaguzi wa mizigo na tiketi, halafu bajaji ya kukupeleka chuoni baada ya kushuka. Ukiweza kupunguza hapo, umepata saa ile ile bila kutoboa mlima hata mmoja. Hakuna anayepiga picha foleni ya ukaguzi na kuiita habari ya reli, wakati ndiyo sehemu ya safari iliyo rahisi kuliko zote kuiharakisha.

Nije kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike kwa urefu.

Kati ya Msagali na Igandu, mkoani kwetu hapa, kuna mpando. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyotoka Dar ilishindwa kuupanda, ikaanza kurudi nyuma, ikashika kasi kubwa kuliko yoyote iliyokusudiwa kwenye njia ile, hadi ikaigonga treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu 281 walikufa. Wazee wa Dodoma ukiwatajia Igandu wananyamaza kwanza. Picha za mabehewa yaliyobebana zilizunguka dunia nzima. Kilichokosekana, siku zile na hata baadaye, ni maelezo ya subira kwa mwananchi: breki ya treni hufanyaje kazi, kwa nini inaweza kukosekana kwenye mteremko, na kifaa gani kikiwekwa hatari hiyo inaondoka. Mwananchi alibaki na hofu bila maarifa.

Miaka 22 ikapita. Julai 2024 treni za umeme zikaanza kubeba abiria hadi Dodoma kwa njia mpya, na Igandu imo kwenye orodha ya stesheni zake. Nilisubiri nione nani atausema mpando ule. Niliona pua ya treni, nikaona viti, nikaona skrini ya behewani imeandikwa 160, watu wameipiga picha na simu zao. Habari yenyewe ilikuwa chini ya miguu yao. Njia hii inatumia mfumo wa Ulaya wa kulinda treni, ambao dereva anaonyeshwa kasi inayoruhusiwa kwenye kioo mbele yake, na kompyuta inamfuatilia. Akizidisha, inafunga breki yenyewe. Treni ikianza kurudi nyuma bila amri, inafunga vilevile. Kwa mtu aliyempoteza ndugu Igandu, sentensi hiyo ya mwisho ina uzito kuliko namba zote za kasi, na ilipaswa kuwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Upande wa balaa nao una mifano yake. Siku za mwanzo mwanzo za safari za Dodoma treni ilikwama njiani kwa kukosa umeme, na ikaelezwa kwamba ngedere na bundi waligusa nyaya. Nchi nzima ilicheka, na hadi vyombo vya nje vikaandika kwa kejeli. Mimi sikuona cha kucheka. Nyaya zile zina volti 25,000. Mnyama akigusa waya na chuma kilichofungwa ardhini kwa wakati mmoja, umeme unapitia kwake, na mitambo ya kinga inakata papo hapo. Kukata huko ndiko kufanya kazi sawasawa. Mwaka 2019 ilitangazwa Japani kwamba treni za kampuni moja ya kusini zilisimama, na abiria wapatao 12,000 wakachelewa, kwa sababu konokono mmoja asiye na gamba alijipenyeza kwenye kisanduku cha umeme pembeni ya njia. Hakuna aliyesema Wajapani hawajui reli. Swali la maana la mwandishi lingekuwa: vikinga wanyama vimefungwa kwenye nguzo zipi, vimebaki wapi, na umeme ulirudi baada ya muda gani? Hayo yanapimika, na mwananchi ana haki ya kuyajua.

Kwa nini inakuwa sifa au balaa? Sidhani waandishi wetu ni wavivu. Nimekaa nao. Mwandishi wa Dodoma asubuhi yuko bungeni, mchana kwenye bei ya zabibu, jioni anaambiwa na mhariri aandike treni. Uzinduzi una meza, wageni na hotuba zilizochapwa tayari. Ajali ina mashuhuda. Treni iliyofika kwa wakati siku 300 mfululizo haina wa kumhoji. Shirika la reli na mamlaka ya udhibiti, LATRA, wangetoa kila mwezi orodha ya treni zilizofika kwa wakati, zilizochelewa na kwa sababu gani, kila treni na tarehe yake, mwandishi angekuwa na kitu cha kuandika kisichotegemea hotuba wala maiti. Wajapani wanahesabu ucheleweshaji kwa sekunde na kuutangaza. Tangu 1964 hawajapoteza abiria hata mmoja kwa Shinkansen kuacha njia au kugongana, na naamini tabia hiyo ya kuhesabu hadharani ni sehemu ya sababu.

Kuna jambo jingine ambalo sifa na balaa vyote vinalipita. Kasi hununuliwa kwa kupunguza vituo. Njia ya zamani ilisimama Godegode, Msagali, Kikombo, kila mahali penye taa na stesheni masta. Mama alipakia magunia yake ya karanga behewa la daraja la tatu, akayashusha Morogoro. Vituo hivyo havimo kwenye orodha ya njia mpya. Njia yenyewe imezungushiwa uzio, na hakuna barabara inayoikatiza kwenye usawa wa reli, jambo ambalo kwa usalama ni sahihi kabisa. Lakini mfugaji aliyezoea kuvusha ng'ombe mbele ya nyumba yake sasa anatembea hadi kwenye kivuko. Nimemkuta mmoja upande wa Bahi, amesimama kwenye uzio na ng'ombe wanane, treni ikapita. Treni ya mita 200 kwa 160 inapita mbele ya mtu kwa sekunde nne na nusu. Ng'ombe walishtuka, yeye akabaki anaitazama inavyopotelea upande wa Makutupora. Nikamuuliza imemsaidia nini. Akasema mwanawe alilazwa Dar, na alikwenda akarudi kwa siku moja. Kisha akanionyesha kwa fimbo kivuko kilipo, mbali. Vyote viwili alivisema kwa sauti ile ile. Mwandishi akimpata mtu huyu ana makala kubwa kuliko ya uzinduzi.

Kwa mjomba wako, mwambie kwenye kasi yuko karibu na ukweli, na umuulize alipanda treni ngapi za China ambazo hazikuwa za kasi kubwa. Kwa wenzako chuoni, ukipenda, wafundishe kupima wenyewe badala ya kuamini pua au skrini. Pembeni ya njia kuna vibao vya kilometa. Kaa dirishani, kibao kikipita washa saa ya simu, kinachofuata zima. Gawanya 3,600 kwa sekunde ulizopata. Sekunde 22 na nusu ni kilometa 160 kwa saa, 30 ni 120, 45 ni 80. Fanya hivyo mara kumi kati ya Morogoro na Dodoma, andika na jina la mahali, utaona treni inakokimbia na inakojizuia, na ukitazama nje utaona sababu: kona, daraja, mdomo wa handaki, stesheni. Pale Igandu pima mara mbili. Ukishuka Dodoma niandikie umepata sekunde ngapi.